Mwalimu wa Timau na Safari Isiyosafiriwa

Mtu atokaye Nanyuki kwa barabara iendayo Meru huwa na mlima mkono wake wa kuume njia nzima, na baada ya kilometa 20 na kitu hufika Timau. Ni mji mdogo wenye upepo wa baridi. Kando ya barabara kuna mashamba ya ngano na viazi, na mabanda makubwa ya nailoni ambamo hulimwa maua ya kupelekwa Ulaya. Juu ya mashamba ni msitu, juu ya msitu ni nyika yenye umande mkali, na juu ya yote ni miamba ya Batian, meta 5,199 kutoka usawa wa bahari. Mtu akigeuka na kuupa mlima kisogo, nchi huteremka mbele yake upande wa kaskazini hata kufikia mbuga kavu za Isiolo, ambako ng'ombe humwachia ngamia nafasi. Yote haya, siku isiyo na mawingu, mtu aweza kuyaona akiwa amesimama mahali pamoja. Si rahisi kupata chumba cha kufundishia jiografia kilicho bora kuliko hiki, wala kilicho bure kuliko hiki.

Basi katika shule moja ya sekondari ya pande hizo alikuwapo mwalimu wa jiografia ambaye alikuwa amefundisha somo hilo miaka tisa. Jioni moja alikuwa akisahihisha karatasi za mtihani wa majaribio. Yafaa msomaji ajue ya kuwa katika mtihani wa KCSE wa jiografia mara nyingi huwamo swali juu ya uchunguzi wa nje: mwanafunzi huulizwa jinsi darasa lake lilivyojitayarisha, lilivyokusanya habari huko lilikokwenda, na shida lilizozipata. Swali lenyewe ni jema sana. Waliolitunga walitaka watoto watoke nje.

Wanafunzi wake walikuwa arobaini na mmoja. Karibu wote walikuwa wamekwenda kwenye mto uleule, wakafika saa nne asubuhi, wakanyeshewa saa sita, na mwenzao mmoja akateleza juu ya jiwe na kuumia mguu. Lakini hakuna aliyekwenda popote. Mvua ile na mguu ule vilitoka katika daftari la mwalimu mwenyewe. Aliviandika ubaoni kila mwaka, naye alivipata kwa mwalimu wake alipokuwa mwanafunzi. Akapiga hesabu, akaona ya kuwa yule kijana wa watu ameumia mguu zaidi ya mara mia tatu na hajapata dawa.

Karatasi moja tu ilikuwa tofauti. Msichana mmoja aliandika ya kwamba walipofika mtoni hawakukuta maji, kwa hiyo hawakuweza kupima mwendo wake. Mwalimu alikwisha kupiga mstari mwekundu juu ya jibu hilo kabla ya kufikiri, maana katika daftari lake mto ulikuwa na maji. Ndipo akakumbuka anakokaa msichana yule. Kwao ni chini, upande wa nchi kavu, mbali na barabara, na mto aliouandika ni ule anaouvuka kila siku akija shuleni. Katika karatasi arobaini na moja, moja tu ilikuwa na jiografia ndani yake, na hiyo ndiyo aliyoikata.

Haifai kumlaumu mwalimu huyu upesi. Gari la kuwachukua wanafunzi hutaka fedha, na fedha hutoka kwa wazazi ambao bado hawajamaliza kulipa karo. Mkuu wa shule huogopa ajali. Mwalimu wa sekondari katika Kenya husomea masomo mawili, na mara nyingi katika shule ndogo yeye ndiye mwalimu pekee wa somo lake. Hana mtu katika chumba cha walimu wa kumwuliza kama neno alilolifundisha asubuhi lilikuwa kweli. Mwenzake wa hesabu hawezi kumsaidia, na mwenzake wa Kiswahili ana insha zake za kusahihisha. Upweke huo humfanya mtu kushika kitabu kama kipofu ashikavyo fimbo.

Tena siku hizi hatari imezidi. Katika mtaala mpya, ambao darasa lake la kumi la kwanza liliingia shule za juu Januari 2026, kijana huchagua njia yake akiwa bado mdogo, na jiografia ni moja ya masomo ya kuchagua. Somo ambalo mtoto amelijua kama maneno ya kunakili ubaoni halichagui. Naye huondoka, mtoto wa mkulima wa Timau, bila kujua maji ya babaye yatoka wapi wala yaenda wapi.

Shida hii ya mwalimu wa jiografia kukaa peke yake si mpya, wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1893, huko Oxford, Uingereza, walimu wachache walikutana wakaunda chama cha jiografia. Jambo lililowakutanisha lilikuwa dogo: walitaka kubadilishana picha. Wakati ule picha zilichorwa juu ya vioo na kuonyeshwa ukutani kwa taa, navyo vioo hivyo vilikuwa ghali, hata mwalimu mmoja hakuweza kununua vya dunia nzima. Huyu alikuwa na Alps, yule alikuwa na Misri, wakapelekeana. Chama hicho kiko hata leo.

Miongoni mwa watu waliokuwapo siku ile alikuwako Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford tangu mwaka 1887. Mtu wa Timau amekwisha kulisikia jina hilo, ila labda hakujua lilihusu kazi hii. Ndiye aliyefika kileleni Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na viongozi wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, na wapagazi wengi ambao majina yao hayakuwekwa juu ya kilele chochote. Bonde lililopewa jina lake ndilo wapandalo wageni wanaopitia lango la Sirimon, na njia ya Sirimon huacha barabara kuu kati ya Nanyuki na Timau. Yaani wanafunzi wa Timau huuona kila asubuhi mlima wa mtu aliyesaidia kuwaunganisha walimu wa jiografia, na hakuna anayewaambia. (Batian na Nelion aliwapa majina ya wakuu wa dini wa Wamaasai, ingawa watu waliokuwa wakilima miteremko yake walikuwa na majina yao wenyewe: Wakikuyu Kirinyaga, na Wameru Kirimara. Darasa la jina peke yake lingetosha juma zima.)

Nusu karne kabla yake, tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Krapf aliuona mlima huu kutoka Ukambani, akaandika kwamba una theluji. Wataalamu waliokaa London na ramani zao walikataa, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Kumbe aliyeona alikuwa sawa na waliosoma walikosa. Mwalimu wa Timau alikuwa akiifundisha habari hiyo kila mwaka, na wanafunzi walicheka sana. Hakujua ya kuwa siku moja naye angeshika kalamu nyekundu na kuwa upande wa wale wa London.

Afrika ya Mashariki nayo ilijaribu kuwaunganisha walimu wake. Mwaka 1963 wana jiografia wa Uganda walianza kutoa jarida la jiografia la Afrika ya Mashariki kutoka Makerere. Tena Kenya ilipounda tume ya kutazama elimu ya taifa jipya, mwenyekiti wake alikuwa mtu wa jiografia, Simeon Ominde. Ndiyo maana tume ile huitwa kwa jina lake hata leo. Na mwaka 1968 wataalamu wa elimu kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Mombasa kuzungumza jinsi ya kuwafundisha watoto wa Kiafrika habari za nchi yao na watu wake, na mkutano huo ukazaa mpango wa nchi nyingi uliokuwa na makao yake Nairobi. Haya yalikuwa mambo makubwa na yenye heshima. Lakini yalikuwa ya vyuo na wizara. Yalishuka kwa mwalimu katika sura ya kitabu, nacho kitabu hakijibu mtu akikiuliza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, hata njia za kuulizana kutoka nchi hii kwenda ile zikawa nyembamba.

Mwalimu wa Timau hakuwa na habari ya kuunda chama. Alichokifanya ni kumpigia simu mtu aliyesoma naye chuoni, ambaye sasa hufundisha upande wa Meru mjini, akamweleza habari ya mguu ulioumia mara mia tatu. Mwenzake alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Kwake yeye, alisema, ni nyuki. Kila mwaka darasa lake hushambuliwa na nyuki katika msitu ambao halijauona.

Wakaanza na mvua, kwa kuwa mvua haihitaji gari. Tena kulikuwako jambo lililomsumbua mwalimu wa Timau siku nyingi. Kitabu husema mvua kubwa ni ya Machi hadi Mei, na mvua ndogo ni ya Oktoba hadi Desemba. Aliposoma hivyo darasani mvulana mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwa nyanya yangu, upande wa Meru, mvua ya mwezi wa kumi na moja ndiyo kubwa. Ya mwezi wa nne ndiyo huwachezea." Akamjibu aandike kama kitabu kisemavyo. Sasa akamwuliza mwenzake, naye akamwambia ya kuwa mtoto amesema kweli. Miteremko ya mashariki hupigwa uso kwa uso na upepo wa upande huo katika miezi ile, nao hupanda, hupoa, na kumwaga maji. Ndiyo maana wakulima wengi wa huko hutegemea zaidi mvua hiyo iitwayo ndogo. Timau imekaa nyuma ya mlima, hupata masazo, kisha hupata mvua nyingine kidogo ya Julai na Agosti ambayo jirani zake wa mashariki hawaitambui kama msimu. Mlima ni mmoja, ila kalenda ni nyingi.

Basi kila mmoja akatafuta mkebe wenye kuta zilizonyoka na rula ya mtoto wa shule. Wakakubaliana kupima saa tatu asubuhi kila siku, kwa maana ndiyo saa ya vituo vya serikali, na kupelekeana hesabu kwa simu kila Ijumaa. Baada ya muda mfupi aliingia wa tatu, mwalimu wa kike wa Nyeri, na wa nne kutoka Isiolo, ambaye mkebe wake ulikaa mtupu muda mrefu hata wanafunzi wake wakaanza kuuonea haya. Wakaambiwa na wenzao kuwa sifuri nayo ni hesabu, tena ndiyo hesabu inayotakiwa zaidi.

Mikebe ilikuwa na visa vyake. Wa Timau ulinywewa na kuku wa mpishi. Wa Meru uliibwa. Lakini watoto walianza kuuliza mambo ambayo hawakuuliza zamani. Mwalimu aliwaonyesha ya kuwa milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja, na kwamba milimita 10 juu ya eka moja ni lita 40,000 hivi. Mvulana mmoja alikwenda kumwambia babaye hesabu hiyo. Kesho yake baba alikuja shuleni mwenyewe kuuliza ni kweli au mtoto amedanganya. Akaonyeshwa ubaoni. Alisimama pale kitambo, kisha akasema kwamba amekuwa akilipia bomba bila kujua anachoangushiwa bure.

Neno la bomba ndilo lililowapeleka mtoni hatimaye. Walikwenda Jumamosi moja kwa miguu, bila kulipa senti. Msichana aliyekatwa jibu lake ndiye aliyewaongoza, kwa kuwa aliujua mto mpaka chini. Kule juu karibu na msitu maji yalikuwa ya baridi na yenye kelele. Kila walivyoshuka waliona bomba hapa na bomba pale, mengine mapya, mengine yamefichwa kwa majani, na kelele ikapungua. Mwisho walifika mahali ambapo palikuwa na mawe na mchanga tu. Msichana akasema, "Ni hapa." Hakusema zaidi.

Darasa liligawanyika palepale. Nusu yao ni watoto wa watu wa juu, ambao viazi na maziwa yao hutoka katika mabomba yale, na karo yao pia. Mmoja alisema kwa ukali kwamba baba yake hakuiba kitu, kwamba maji yalipita shambani kwake. Mwingine akamjibu kwamba hata ng'ombe wa watu wa chini hupita shambani kwa watu, wala hawawi wa mwenye shamba. Mwalimu akajua ya kuwa yale si maneno ya kitabu tena, na kwamba akikosea neno moja jioni ile litafika majumbani kabla yake. Akawaeleza habari ya vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa nafasi, ambapo watu wa juu na wa chini wa mto mmoja huketi pamoja kupanga zamu wakati wa kiangazi. Akawaeleza pia habari ya kituo cha utafiti cha CETRAD kilichoko Nanyuki, chenye kutokana na ushirikiano wa Kenya na Uswisi, ambacho huweka kumbukumbu za mito ya bonde hili. Kwamba vyama hivyo huondoa ugomvi wote, hilo hakulisema. Lingekuwa mguu mwingine ulioteleza.

Jioni ile alimpigia simu yule mwalimu wa Nyeri. Huyo alikuwa amelipeleka darasa lake kwenye mto wao, nao mto huo huingia Tana, ukazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ukaenda mpaka Bahari ya Hindi. Maji ya Timau hayaioni bahari. Huingia Ewaso Ng'iro, hupita kwa Wasamburu na Waborana, na kupotea katika kinamasi cha Lorian. Watoto wa Nyeri walituma barua kuwauliza wa Timau kama hawaoni vibaya mto wao kufia njiani. Wa Timau hawakujua la kujibu, wakaipeleka barua Isiolo. Jibu la Isiolo lilikuwa fupi: mto haufi ukifika kwa watu wenye kiu, ila hufa ukizuiwa usifike.

Jambo jingine waliloligundua walimu wale wanne ni kosa walilokuwa wakilifundisha wote kwa pamoja bila kujuana. Kila mmoja alikuwa akiwaambia watoto kwamba mito ya Mlima Kenya hutoka katika barafu. Barafu yenyewe inakwisha kweli: ule mto wa barafu uitwao Lewis, ambao Gregory aliupa jina mwaka uleule wa 1893, ulipoteza kiasi cha asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, kwa vipimo vya wataalamu. Lakini maji mengi ya mito hii hutoka katika mvua iliyohifadhiwa na msitu na nyika za juu. Tofauti hii si ndogo. Mtoto aliyefundishwa kwamba maji ni ya barafu hukata tamaa, maana hawezi kurudisha barafu. Bali mti aweza kuuacha usimame.

Karatasi ya msichana ilikuwa bado katika dawati la mwalimu. Wino mwekundu haufutiki. Aliandika maksi mpya kando ya ule mstari, akatia sahihi yake, akamrudishia mbele ya darasa. Msichana aliitazama, akaikunja, akauliza kama anaweza sasa kupewa zamu ya mkebe.

Hakupewa zamu ya likizo, kwa kuwa kwao ni mbali mno. Hilo ndilo swali lililokuwa gumu kuliko yote kwa wale walimu: nani atapima Jumapili, na nani atapima shule zikifungwa? Meru walimwachia mwanafunzi mmoja, akasafiri kwa shangazi yake. Nyeri walisahau siku nne. Isiolo mwalimu alipima mwenyewe mpaka alipopata homa. Timau kazi ilishikwa na mlinzi wa shule, mzee ambaye hakupita darasa la saba, aliyeomba aonyeshwe mara moja tu jinsi ya kusoma rula. Likizo ya Agosti ilipokwisha walipelekeana hesabu zao kama desturi, na katika zile safu nne safu ya mlinzi ndiyo pekee isiyokuwa na pengo. Kando ya siku moja alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: mvua milimita 3, kuku wamefungwa.